Mcheza Kwao Hutunzwa: Maisha na Desturi za Mwalimu wa Kwaya

Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni, ukipita jirani na parokia yetu utasikia wanaume wanane wakirudia kipande kilekile cha wimbo mara saba, mara nane, bila kuchoka. Ni sauti ya nne inafundishwa. Wanawake wamekaa mabenchi ya mbele wakisubiri zamu yao, wengine bado wana mikoba ya kazini mapajani. Mbele ya ubao amesimama mtu mmoja, shati limejaa vumbi la chaki, anahesabu mapigo kwa kiganja. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa chuoni akiwafundisha vijana wa shahada nadharia ya muziki. Kuja hapa amepanda daladala mbili. Kule anaitwa Daktari. Hapa anaitwa Mwalimu, na jina hilo linamtosha.

Nimeimba teno chini yake kwa miaka 14. Katika muda huo nimejifunza kwamba wanakwaya ni jamii yenye mila zake kamili, kama ukoo. Tuna namna ya kupokea mgeni, namna ya kuamkiana, sherehe zetu, adhabu zetu na taratibu zetu za misiba. Katikati ya hayo yote yuko mwalimu. Nyimbo anazotutungia tunazihesabu kuwa zetu sote, na hilo ni jema. Ila katika kuzifanya zetu sote, tumejizoesha kumsahau aliyezitunga. Nataka kuzieleza desturi zetu kama nilivyozikuta, kisha niseme ni ipi inayotupasa kuirekebisha.

Kuingia kwaya

Kwaya nyingi hazimpokei mtu siku ya kwanza. Anayetaka kujiunga huletwa na mwanakwaya, hujitambulisha kwa viongozi, kisha hukaa kusikiliza kwa majuma kadhaa. Siku moja baada ya mazoezi mwalimu humwita kwenye kinanda, humpigia sauti chache naye azifuate. Ndipo hupangwa: soprano sauti ya kwanza, alto ya pili, teno ya tatu, besi ya nne. Tangu siku hiyo sauti yako ndiyo nyumba yako. Ukiugua, wa sauti yako ndio wa kwanza kufika kukujulia hali.

Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi. Kuna katiba, na ndani ya katiba kuna faini ya wachelewaji na utaratibu wa anayekosa mazoezi bila taarifa. Mwalimu aghalabu hayumo katika viti hivyo. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu sauti, lakini hana neno kuhusu hazina.

Heshima nayo ina njia yake. Katika sauti ya kwanza tunaye mama mmoja aliyeanza kuimba kabla mwalimu hajazaliwa. Kila jioni, kabla ya kugusa chaki, mwalimu humfuata alipoketi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Pole na kazi.”

Nusu saa baadaye mama huyohuyo anakosea, na mwalimu inabidi amrekebishe mbele ya watoto na wajukuu zake. Husema hivi: “Mama zangu, hapo mwishoni tunashuka kidogo. Naomba turudie.” Anasema tunashuka, ingawa aliyeshuka ni mmoja na wote tumemsikia. Hiyo ndiyo adabu ya mwalimu wa kwaya. Kosa la mmoja hulifanya la wote, na wote hulirekebisha pamoja.

Herufi saba ubaoni

Wengi wetu hatusomi muziki wa mistari mitano. Tunasoma herufi: d, r, m, f, s, l, t. Utaratibu huu ulianzishwa na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 kwa ajili ya shule za Jumapili na watu wa kawaida wasio na uwezo wa kununua ala. Wamisionari waliuleta Afrika, nao ukakaa, kwa sababu hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Ubao na chaki vinatosha.

Tazama mwalimu wetu anavyoandika. Juu kushoto huweka ufunguo, tuseme Doh ni G, na kando yake idadi ya mapigo. Chini hupanga mistari minne ya herufi, mmoja kwa kila sauti. Kati ya pigo na pigo huweka nukta pacha, na panapoisha kipimo huchora mstari wa wima. Kistari kifupi maana yake vuta sauti. Alama ndogo juu ya herufi hupandisha oktava, na ikiwa chini huishusha. Mtu aliyeishia darasa la saba huusoma ukurasa huo na kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Nimewaona mafundi seremala na mama lishe wakifanya hivyo, na kila nikiwaona naona fahari.

Zamani tulinakili nota kwa mkono kwenye madaftari, kila sauti na daftari lake. Ikaja fotokopi, na sasa mwalimu hupiga picha ukurasa na kuutuma kwenye simu. Mkono umebadilika lakini herufi ni zilezile.

Kazi ngumu zaidi ni maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika Bwana ni bwa, katika Mungu ni mu, katika mtakatifu ni ti. Tuni nyingi za tenzi zilizotoka Ulaya zilitungwa kwa lugha ambazo mstari huishia kwenye silabi nzito. Ukiyapachika maneno yetu juu yake, pigo zito huangukia mahali pasipo pake, na jina la Bwana huimbwa kana kwamba ni neno la kigeni. Kizazi baada ya kizazi kimeimba hivyo na kuzoea. Mwalimu wetu hakuzoea. Kabla ya kufundisha wimbo mpya hutuamuru tuyaseme maneno kama tunavyozungumza nyumbani, tukipiga makofi kwenye mkazo. Tukishayasema mara tatu, ndipo huandika nota. Akitunga mwenyewe hufanya vivyo hivyo: hutembea na maneno barabarani siku nzima mpaka yamwonyeshe yanakotaka kupanda na kushuka.

Chuo ni mtoto wa kwaya

Watu hudhani mhadhiri wa muziki huja kanisani kuwagawia wanakwaya elimu ya chuo. Katika nchi yetu mambo yalikwenda kinyume. Wengi wanaofika chuoni kusomea muziki walianza kupata masikio kwenye benchi la kwaya, kwa kuwa shuleni walikosoma hapakuwa na somo hilo. Kwaya ndiyo iliyomlea mwanafunzi, na mara nyingi ndiyo iliyomlea mhadhiri wake pia.

Mifano ipo. John Mgandu alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tungo zake za Misa zimeimbwa na wanakwaya wengi ambao hawajawahi kukanyaga chuo kikuu. Kabla yake Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea kwamba muziki wetu una haki ya kuingia altareni. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, ambayo kifungu chake cha 119 kinataka muziki wa mataifa ya misheni uheshimiwe na kupewa nafasi inayoustahili katika ibada. Ngoma zilizokuwa zimefungiwa nje ya misheni nyingi zikafunguliwa mlango.

Upande wa Walutheri, Makumira karibu na Arusha, ambako leo muziki husomwa hadi shahada, palikuwa na vuguvugu kama hilo. Bernard Kyamanywa, akiwa bado mwanafunzi wa theolojia hapo, aliandika utenzi wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, unaoimbwa kwa tuni ya Wahaya wa Kagera. Wimbo huo leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani.

Darasani mwalimu wetu hukutana na mvutano kati ya muziki wa Ulaya na wa kwetu kila muhula. Vitabu vya Ulaya vya upatanifu wa sauti humkataza mwanafunzi kuzitembeza sauti mbili sambamba zikiwa zimeachana kama d na s. Anayefanya hivyo hukatwa alama. Sasa nenda Dodoma uwasikilize Wagogo, watu wa Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wao duniani kote. Sauti zao hutembea sambamba kwa nne na kwa tano, na wimbo husimama imara kama nguzo ya nyumba. Kitabu kinakataza jambo ambalo bibi wa Kigogo analiimba tangu utoto wake, na bibi hajakosea.

Mwalimu hufundisha yote mawili. Huwaambia wanafunzi kwamba kanuni ya kitabu ni desturi ya watu fulani wa mahali fulani, nayo ijifunzwe kwa heshima kama tunavyojifunza mila za wakwe, ila mtu hasahau kwao. Jioni akija kanisani na utungo wenye mwendo wa Kigogo, tunaimba bila kujua kwamba asubuhi ulikuwa somo.

Mwaka wa mwalimu

Kalenda ya chuo ina mihula miwili, lakini mwalimu wa kwaya huishi kwa kalenda ya Kanisa. Majilio yakikaribia, mazoezi huongezwa kutoka siku mbili kwa wiki hadi nne. Noeli watu husafiri kwenda kwao, naye hubaki mjini na kinanda chake. Mke wake, tunayemwita mama mwalimu, aliwahi kutuambia kwamba tangu waoane hajawahi kukaa naye benchi moja siku ya Noeli. Alisema hivyo huku akigawa chai na maandazi kwa wanakwaya waliotoka kwenye Misa ya usiku, na nyumba ilikuwa imejaa watu.

Juma Kuu ndilo kilele. Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaimbwa, kengele na kinanda hunyamaza. Ijumaa Kuu tunaimba kwa koo tupu, na hapo ndipo mwalimu hujua kama ametufundisha au kinanda kilikuwa kinatubeba. Anatoa sauti kwa mdomo, polepole, kwanza besi, kisha wengine juu yake, kisha anainua mkono. Jumamosi usiku, katika Mkesha wa Pasaka, kanisa likiwa na mishumaa tu, padre huanzisha Utukufu, taa zote zinawaka, kengele zinalia, na mwalimu anakishukia kinanda kwa mikono miwili na miguu. Nimeliona jambo hilo mara 14. Kila mara mama mmoja nyuma yetu hupiga vigelegele, na kila mara mimi hukosa nota ya kwanza kwa sababu ya machozi.

Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kwaya za vigango na parokia hukutana, kila moja na sare yake, huimbiana na kula pamoja. Siku hiyo walimu huketi meza moja, na mazungumzo yao huwa ni nota: nani ametunga nini, nani anayo nakala, nani anisaidie sauti ya pili ya wimbo fulani. Anayeomba wimbo hanyimwi. Kumnyima mwenzako nota ni aibu kama kumnyima jirani moto wa kuwashia jiko.

Harusi, misiba na bahasha

Mwanakwaya akioa au akiolewa, kwaya nzima ni upande wa ndugu. Tunachanga, tunashona sare, tunaimba kanisani na ukumbini, na mwalimu hutunga wimbo wenye majina ya maharusi. Mwanakwaya akifiwa, taarifa hutumwa kabla ya jua kuzama na usiku huohuo tuko msibani. Wanawake husaidia jikoni, wanaume hupanga viti na maturubai, na ikifika saa tatu tunaanza kuimba. Mwalimu huwa hapo, hata kama kesho ana kipindi saa mbili asubuhi. Anajua kwamba mfiwa husahau hotuba zote lakini huikumbuka sauti iliyomwimbia usiku wa kwanza.

Kwa kazi hii yote, mara nyingi hupewa bahasha yenye nauli. Katika parokia chache kuna posho, na sehemu nyingi hakuna kitu. Desturi inasema huu ni utume, na mtu hadai mshahara kwa Mungu. Mwalimu wetu hajawahi kulalamika mbele yetu. Lakini nimewahi kumwona akihesabu sarafu kituoni baada ya mazoezi, halafu akaamua kutembea hadi kituo cha pili ili apande basi moja badala ya mawili. Nilikuwa nyuma yake na sikujua niseme nini. Tangu siku hiyo sauti ya tatu tumeweka utaratibu wa kuchangia nauli yake kila wiki. Naye amekubali, kwa sharti kwamba zikizidi tununue chaki.

Jina juu ya nota

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Siku moja tulikuwa kwenye sherehe ya ubatizo, na kwenye runinga ikapigwa video ya kwaya moja ya mbali. Wimbo ulikuwa wa mwalimu wetu. Tulikuwa tumefundishwa miaka sita nyuma, kwenye mabenchi yale, kwa chaki ileile. Mwisho wa video yakapita majina: mwenyekiti wa kwaya, mfadhili, mpiga picha, mshona sare. Kwenye mtunzi pameandikwa “hajulikani.” Naye alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwangu, sahani ya pilau mkononi. Nilimwangalia. Akasema, “Wanaimba vizuri. Ila sauti ya pili wameikosea kwenye kiitikio.” Kisha akaendelea kula.

Kwaya ile haikuiba. Nota iliwafikia kwa mkono wa tano au wa sita, na katika kunakili mtu mmoja aliacha mstari wa juu, ule wenye jina. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake, lakini sheria haikai kwenye mazoezi ya Jumatano. Sisi ndio tunaokaa pale.

Kama unadhani hili ni jambo dogo, mkumbuke Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao tuni yake leo ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wetu wa taifa. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Nyimbo zake zilikuwa zimeandikwa kwa mkono kwenye daftari, na daftari likapotea. Kaburi lake nalo halikujulikana lilipo kwa miaka mingi, mpaka lilipotafutwa katika makaburi ya Braamfontein na kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Watoto wa nchi kadhaa walisimama wima kila asubuhi wakiimba tuni ya mwalimu wa kwaya ambaye hakuna aliyejua amezikwa wapi.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma, anayecheza vizuri hutunzwa palepale uwanjani, mbele ya macho ya watu, akiwa bado anatoka jasho. Hawakusema atunzwe akishazikwa. Mwalimu wa kwaya anacheza kwao, na uwanja ni kanisa letu. Tuzo yake ya kwanza ni jina lake.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeimba, wewe katibu unayetoa fotokopi, nawe kijana unayerekodi video: Jumatano ijayo, kabla ya kufungua mdomo, itazame nota iliyo mkononi mwako. Kama mstari wa juu hauna kitu, andika jina la mtunzi, mwaka aliotunga na mahali. Kama hujui, muulize mwalimu wako. Yuko hapo mbele ya ubao, na angali hai.